Tusilifungie Gitaa Katika Mabano

Waswahili husema debe tupu haliachi kuvuma. Methali hii tumezoea kuitumia kumkejeli mtu wa maneno mengi yasiyo na maana. Lakini mtu akichunguza namna nyimbo zinavyoshughulikiwa katika taaluma yetu ya Kiswahili, atadhani tumeigeuza methali hiyo kuwa nadharia ya uhakiki. Panapokuwa na maneno tunaona fasihi. Maneno yanaponyamaza na ala zikabaki peke yake, tunaona debe linalovuma. Makala haya yanakusudia kuupinga mtazamo huo, na ushahidi wangu nitautoa zaidi katika muziki wa gitaa kavu wa Pwani ya Kenya, hasa sehemu za Kilifi na Malindi, ambako vyungu vya muziki huu vilipikwa mapema na wapishi wake wanazidi kupungua.

Ushahidi wa tatizo lenyewe hauko mbali. Msomaji na achukue tasnifu yoyote inayochambua nyimbo za Kiswahili, afungue kiambatisho mwishoni. Atakuta ubeti wa kwanza umenukuliwa kwa uangalifu, pengine hata mikato imehesabiwa. Kisha atakuta mabano, na ndani ya mabano neno moja: ala. Baada ya hapo ubeti wa pili, kiitikio, mabano tena. Mpiga gitaa aliyetumia dakika nzima kuyageuzageuza mahadhi, akayapandisha, akayashusha, akamrudishia mwimbaji wimbo ukiwa na sura mpya, kazi yake yote imekuwa neno la herufi tatu. Mwandishi wa maneno hatendewi hivyo. Hakuna mhakiki atakayethubutu kuandika katika mabano kwamba hapa mshairi alisema beti nne, kisha akaendelea na mengine.

Msimamo wangu ni kwamba sehemu hizo za mabano ni sehemu ya kazi ya fasihi, wala si mapambo yake. Anayesoma wimbo wa gitaa kavu kwa maneno pekee anasoma nusu. Na kwa kuwa nusu inayoachwa ndiyo isiyoandikwa popote, ndiyo itakayotoweka kwanza.

Tuanze na historia. Miongoni mwa waanzilishi wakubwa wa muziki wa gitaa nchini Kenya ni Fundi Konde, Mgiriama aliyezaliwa mwaka 1924 katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Kilifi, akafariki mwaka 2000. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa katika kikosi cha burudani cha jeshi la King's African Rifles, akafika hadi Burma akiwatumbuiza askari. Aliporudi alirekodi nyimbo nyingi katika miaka ya 1940 na 1950, na hutajwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kutumia gitaa la umeme. Wengi wetu tunamjua kwa Tausi Ndege Wangu na Majengo Siendi Tena. Tunajua maneno. Lakini asikilizaye kwa makini atagundua kwamba Fundi Konde alikuwa mtu wa kubana maneno na kulipa gitaa nafasi ya kusema. Beti zake ni fupi, lugha yake ni ya kawaida, na pengine ndiyo sababu wahakiki wetu hawajamwona kuwa mtunzi wa kushindanishwa na malenga. Uzito wa kazi yake umegawanywa kati ya ulimi na vidole, nasi tunaupima upande mmoja tu wa mizani.

Baada yake, Kilifi haikukauka. Ndugu wa ukoo wa Harrison kutoka Kaloleni ndio walioanzisha bendi ya Them Mushrooms mwaka 1972, na katika miaka ya 1980 bendi hiyo ilishirikiana na Fundi Konde kurekodi upya nyimbo zake. Joseph Ngala naye alijenga mtindo wa bango, ambamo saksafoni na gitaa hubeba mahadhi kwa utulivu unaowafaa wazee na vijana katika arusi na matanga. Hao walitumia vyombo vya umeme. Lakini nyuma yao walikuwako wapigaji wengi wasio na majina katika vitabu, wenye gitaa moja la mbao, wakipiga katika vilabu vya mnazi, katika mikesha na katika vibaraza vya maduka, kuanzia Mariakani hadi Malindi. Hao ndio ninaowakusudia ninaposema gitaa kavu.

Gitaa kavu ni gitaa lisilotiwa umeme. Sauti yake hutoka katika tundu la sanduku tupu, na utupu huo ndio unaolipa uhai. Hapa methali ya debe inapata jibu lake: si kila kitupu huvuma ovyo. Mpigaji wa mtindo wa Afrika Mashariki na Kati hachapi nyuzi zote kwa pamoja. Kidole gumba hushika nyuzi nzito na kutembea nazo kama mtu aendaye zake shambani bila haraka, huku kidole cha shahada kikidonoa nyuzi nyembamba na kutoa mahadhi. Kwa hiyo mtu mmoja husikika kama wawili. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, alipiga kwa vidole hivyo viwili tu, na kipande chake kiitwacho Masanga kingali kinafunzwa na wapigaji wa nchi za mbali, wanaokisoma kidole kwa kidole ingawa hawajui neno la Kiswahili. Mwenda na mwenzake Edouard Masengo walifika Nairobi, na athari yao ikaenea kote. Magharibi mwa Kenya George Mukabi, aliyeuawa mwaka 1963, aliujenga mtindo wa omutibo, ambamo chupa ya soda hugongwa kuandamana na gitaa. Huku Pwani, kayamba lilichukua nafasi hiyo, na mchakacho wake ukalipa gitaa mwendo ambao msikilizaji wa Kimijikenda huutambua kabla hajasikia neno.

Kwa nini basi mtu apende muziki usiomwambia kitu? Swali hili halituhusu sisi pekee. Nchini Marekani kuna muziki wa bluegrass, uliopata jina kutokana na bendi ya Bill Monroe wa Kentucky, Blue Grass Boys. Ni muziki wa vyombo vya nyuzi visivyotiwa umeme: fidla, mandolini, banjo, gitaa na besi. Mojawapo ya vipande vyake mashuhuri, Foggy Mountain Breakdown cha mwaka 1949, hakina neno hata moja. Ndani yake wapigaji hupokezana mahadhi: mmoja huyachukua, akayasema kwa namna yake, kisha akarudi nyuma kumpisha mwenzake. Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili atakayesikiliza namna hiyo ya kupokezana hatakosa kukumbuka malumbano ya washairi, ambamo anayejibu hulazimika kuishika bahari ile ile na vina vile vile, na ustadi wake huonekana katika analoliongeza bila kuuvunja mpaka.

Isitoshe, banjo lenyewe asili yake ni Afrika. Watumwa waliotolewa Afrika Magharibi ndio waliovuka na maarifa ya kutengeneza chombo hicho. Na muziki wa kantri wa huko nao ulirudi kwetu kwa sahani za santuri, hata mwaka 1950 Tracey alirekodi huko Kapkatet wasichana wa Kikipsigisi wakiimba juu ya Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers, ambaye mawazo yao yalikuwa yamemfanya nusu mtu nusu mnyama. Wasichana wale hawakuwa wakielewa Kiingereza cha Rodgers. Kilichowafikia kilikuwa sauti na nyuzi. Kwao, kimsingi, hata maneno yake yalikuwa ala, na bado waliyapenda kiasi cha kutunga wimbo wao.

Hata hivyo hatuna haja ya kwenda Kentucky kutafuta idhini ya kupenda mahadhi matupu. Taarabu ya Unguja, tangu siku za Ikhwani Safaa kilichoasisiwa mwaka 1905, imekuwa na desturi ya kufungua kwa bashrafu, kipande cha ala tupu ambacho hadhira hukisikiliza kwa adabu kabla mwimbaji hajasimama. Mpiga udi naye, kabla ya wimbo, huweza kupiga taksimu, akiyapapasa mahadhi peke yake kama mtu anayeonja kina cha maji kabla ya kuingia. Zumari hutangulia mbele ya watu katika ngoma zetu bila kutamka neno. Hapa Pwani ya Kenya taishokoto, chombo cha asili ya Kijapani chenye nyuzi na vibonyezo, kimepigwa katika taarabu ya Mombasa hadi kikawa chetu. Hadhira ya Mswahili, basi, imefunzwa kwa muda mrefu kusikiliza kisichosemwa. Sisi wasomi ndio tuliopoteza somo hilo, kwa kuwa tulijifunza nyimbo kutoka vitabuni.

Sasa nije kwenye hoja inayotuhusu zaidi sisi wa Kiswahili, kwa maana yapo watakaosema kwamba haya yote ni ya idara ya muziki. Taaluma yetu ya arudhi imejengwa juu ya sauti. Tunapohesabu mizani nane kwa nane, tunapotenganisha ukwapi na utao, tunapima pumzi ya mtu anayeimba. Neno lenyewe mahadhi ni istilahi yetu, nayo imo katika mafunzo ya ushairi tangu zamani, ingawa siku hizi tunaitaja katika sentensi moja kisha tukaharakia dhamira na maudhui. Katika gitaa kavu mahadhi hayo yanasikika yakiwa yamevuliwa maneno, na mtu anaweza kuyatazama mifupa yake.

Nitoe mfano. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika kughani utenzi, hata hivyo, mara nyingi sauti inayovutwa ni ile ya mwisho, penye kina, kiasi kwamba mghani huupindisha mkazo wa usemi ili kina kiwe na heshima yake. Katika nyimbo nyingi za gitaa nilizozisikiliza mambo huelekea kuwa kinyume: noti ndefu huangukia pale pale unapoangukia mkazo wa usemi, na silabi ya mwisho hudondoka kwa wepesi. Mpigaji anaporudia mahadhi hayo bila kuimba, noti ya kabla ya mwisho ndiyo anayoikalia. Kwa maneno mengine, hata akinyamaza, vidole vyake vinasema kwa lafudhi ya Kiswahili. Je, gitaa liliwaelekeza watunzi wa miaka ya 1950 kwenye usemi wa kila siku, mapema kuliko mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970, ambao tunauhusisha zaidi na Kichomi cha Kezilahabi cha mwaka 1974? Mimi naona swali hilo linastahili tasnifu nzima, na tasnifu hiyo haiwezi kuandikwa na mtu anayelifungia gitaa katika mabano.

Katika safari zangu za utafiti nilikutana huko Malindi na mzee mmoja ambaye sauti yake imekwisha kwa ugonjwa wa koo. Haimbi tena, lakini jioni hukaa nje akapiga. Majirani wanaopita husikika wakinong'ona maneno ya nyimbo zile, kila mmoja penye mahali pake, wala hakuna anayewaongoza. Nilipomwomba anitajie maneno niyaandike, aliniambia, "Maneno wanayo watu, mwanangu. Mimi nimebakiwa na mahadhi." Kauli hiyo ilinifunza zaidi ya kurasa nyingi. Maneno yale yalikuwa yamehifadhiwa ndani ya mahadhi, na mahadhi yalipopigwa, maneno yalitoka yenyewe vinywani mwa watu. Tukiyahifadhi maneno bila mahadhi, tunachoweka akibani ni kufuli bila ufunguo.

Wapo pia watakaopinga kwamba gitaa ni chombo cha kigeni, na kwamba mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili angefaa kujishughulisha na asilia. Hoja hii haina miguu. Udi ulitoka Uarabuni, taishokoto Japani, na neno shairi lenyewe lina asili ya Kiarabu. Uswahili haujawahi kuuliza kitu kimetoka wapi. Umeuliza kinaweza kufanya nini kikiwa mikononi mwetu. Gitaa liliingia katika mazingira ya Kilifi likakuta kayamba, likakuta ngoma za Mijikenda, likakuta pia tenzi za kanisani katika vituo kama Rabai, ambako Krapf alianzisha misheni mwaka 1846. Likanywea yote hayo. Leo mtu wa Kaloleni akilishika, halilii kama la Kentucky.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, nami sitalipuuza. Linasema: muziki usio na maneno hauna maudhui, kwa hiyo mhakiki wa fasihi hana la kusema juu yake bila kubuni. Nakubali kwamba ipo hatari. Mtu anaweza kusikia nyuzi zikilia akaandika kwamba zinaashiria dhuluma za ukoloni, na hakuna awezaye kumkanusha wala kumthibitisha. Sipendekezi uhakiki wa namna hiyo. Ninachopendekeza ni kidogo zaidi na kigumu zaidi: tuandike kilichofanyika. Gitaa liliingia baada ya mshororo upi? Lilirudia mahadhi ya ubeti au lilileta mapya? Lilimjibu mwimbaji au lilimtangulia? Wasikilizaji walifanya nini wakati huo? Haya yanaonekana na kusikika, nayo yanabadilisha maana ya wimbo. Ubeti unaorudiwa baada ya dakika ya ukimya wa maneno haumfikii msikilizaji kama ulivyomfikia mara ya kwanza.

Uharaka wa jambo hili unatokana na hali ilivyo. Katika hoteli za Malindi na Watamu, wapigaji stadi hupita kati ya meza za wageni wakiwa na magitaa yao. Wanachoombwa ni Jambo Bwana na Malaika, jioni baada ya jioni. Siwalaumu, kwa maana mkono mtupu haulambwi, na nyimbo hizo zinawalipia karo za watoto. Lakini mpigaji ambaye hakuna amwombaye vipande alivyorithi kwa mjomba wake hatimaye huviacha, na akiviacha vidole navyo husahau. Vijana wetu nao wanapata muziki uliokwisha tengenezwa ndani ya kompyuta, ulio mwingi na rahisi, na sioni dhambi yao kuupenda. Dhambi itakuwa yetu tukiwa tulijua, tukawa na nyenzo, tukanyamaza.

Na nyenzo tunazo. Kwanza, wanachama wa vyama vya Kiswahili vyuoni watokao Pwani wana simu zinazoweza kunasa sauti. Kila mmoja akimrekodi mpigaji mmoja kijijini kwao katika likizo moja, wimbo mzima kuanzia nyuzi zinapotekenywa hadi mpigaji anapoliweka gitaa chini, tutakuwa na hazina ambayo leo hatuna. Pili, wasimamizi wetu wa tasnifu wakubali, bali wadai, kwamba kila wimbo unaonukuliwa uonyeshe sehemu za ala: muda wake, nafasi yake na kazi yake. Tatu, pawe na usimamizi wa pamoja kati ya walimu wa Kiswahili na wa muziki kwa mada za namna hii, ili mwanafunzi asilazimike kuchagua kati ya sikio na kalamu. Nne, siku za chama tuwaalike wapigaji wenyewe, tuwape kiti cha mbele na malipo yao, badala ya kuwaweka mlangoni kuwachangamsha wageni wakati hotuba hazijaanza.

Katika yote hayo haki ya mpigaji isisahauliwe. Mabishano ya miaka mingi juu ya nani hasa aliutunga Malaika yanatosha kutufunza kwamba wimbo unaopendwa na ulimwengu unaweza kukosa mwenyewe wa kukubalika na wote. Tunaporekodi tuandike jina la mpigaji kwa ridhaa yake, tumwachie nakala, na tusiiweke sauti yake mahali popote asipopataka. Mtafiti anayechukua bila kurudisha hana tofauti na mwizi wa nazi, ila tu yeye hupanda mnazi akiwa na barua ya chuo.

Naomba kwa hiyo ndugu zangu wanafunzi, na kwa unyenyekevu walimu wetu, tulitazame upya neno lile dogo tunaloliweka katika mabano. Ndani yake kuna watu, kuna ustadi wa mikono uliochukua miaka, na kuna lugha yetu ikisema kwa njia ambayo kamusi haijaisajili. Mwenye macho haambiwi tazama; nasi tuliojaliwa masikio tusingoje kuambiwa sikia, huku wanaopiga wakizidi kuwa wachache kila msimu wa kaskazi unapopita.